Kuacha Ulanzi Kilolo

Mvua zikishakolea Kilolo, mkoani Iringa, kuanzia Januari hivi, milanzi, mianzi inayotoa pombe ya ulanzi, huchipua na wagema huingia kazini. Chipukizi hukatwa ncha lingali changa, mbeta, chombo cha kukingia, hutundikwa pale lilipokatwa, na maji yake huanza kudondoka. Asubuhi na jioni mgema hurudi kukata tena kipande chembamba ili njia isizibe. Ulanzi mbichi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto huonjeshwa. Ukilala ukachachuka unakuwa mkangafu, na mkangafu ndio ulionimalizia ujana wangu.

Habari za pombe zetu husimuliwa kama habari za kinywaji, au za sheria. Mimi naziona kama habari za watu kukaa pamoja. Wazee wetu walialikana kulima, na mwenye shamba aliwashukuru majirani kwa pombe. Posa ilikwenda na pombe, matanga yalikuwa na pombe, na waliogombania mpaka wakipatana walikunywa pamoja. Anayeacha haachi kibuyu tu. Anaacha shemeji, jirani, wakwe na habari zote za kijiji, maana huzungumzwa kilabuni.

Wamisionari wa Berlin, waliojenga Pommern, ambayo leo imo wilayani kwetu, walihubiri dhidi ya ulevi. Lakini nikimkumbuka bibi yangu, sikumbuki akisimulia mahubiri. Alisimulia kwamba babu alipoacha, wazee wa kanisa walianza kuja nyumbani jioni, saa ile ile ya kilabu, wakaimba naye mpaka giza likaingia. Sijasikia dawa iliyo bora kuliko hiyo. Walijua jioni ndiyo ngumu, wakaikalia.

Miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo uliokolea Gahini, Rwanda, ulivuka hadi Bukoba na kuenea Tanganyika. Waliookoka walikutana katika vikundi, mtu akasimama akayataja mbele ya wenzake yaliyomwangusha, pombe ikiwamo. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1935, huko Akron, Marekani, wanaume wawili walevi, Bill aliyekuwa mfanyabiashara wa hisa na Bob aliyekuwa daktari wa upasuaji, waligundua kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenzake anaweza kupitisha siku bila kunywa. Ndiyo asili ya Alcoholics Anonymous. Kwao sharti la kuingia ni moja tu: uwe na nia ya kuacha. Hakuna ada, na hutaji jina la ukoo.

Serikali, kwa upande wake, imeshughulika na kinywaji. Wakoloni waliwazuia Waafrika pombe kali za Kizungu. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, inayohusu gongo, kisha Sheria ya Vileo ya 1968, yenye leseni na saa za kuuza. Tarehe 1 Machi 2017 viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku, na niliishangilia hatua hiyo kwa moyo wote, kwa kuwa niliwaona vijana wa bodaboda wakivinywa kabla ya saa nne asubuhi. Lakini katika sheria hizo zote sioni mahali palipotengwa kwa ajili ya aliyekwisha kuacha akaketi na wenzake.

Mimi mahali hapo nilipapata Dar es Salaam, nikiwa utingo wa lori la mbao. Nilikuwa nimekatisha pombe ghafla, mikono ikatetemeka, nikapelekwa hospitali nikiwa na degedege. Nesi aliyenihudumia aliniambia kwa upole, “Kaka yangu, mwili uliozoea sana hauachishwi hivyo, unaweza kufa. Anza na daktari. Halafu ukitoka, usikae peke yako.” Akaniandikia mahali na saa kwenye kipande cha karatasi.

Siku ya kukutana nilizunguka jengo kabla ya kuingia. Nilitegemea kuhojiwa kama niko polisi. Nikakuta viti vya plastiki, birika la chai, na watu waliovaa vizuri kuliko mimi. Mama mmoja mtu mzima alisema jina lake, akasema yeye ni mlevi, akaeleza alivyokuwa akificha chupa kwenye debe la unga. Hakuna aliyecheka. Zamu yangu ilipofika nilitaja jina tu, nikanyamaza, wakanishukuru. Mmoja alitambua lafudhi yangu, na tulipotoka alinisalimu, “Kamwene.” Alikuwa mtu wa Iringa. Tulitembea naye mpaka kituo cha daladala tukizungumza habari za milanzi.

Niliporudi Kilolo tulianza kukutana wachache, chini ya mti nyuma ya duka la pembejeo. Tunakutana saa kumi na moja jioni, ulanzi wa jioni unaposhushwa, na msimu wa mvua tunaongeza siku. Msimu huu amekuja mgema mmoja, kisu cha kugemea kiunoni, akauliza kama anayeishi kwa kuuza ulanzi anaruhusiwa kukaa. Tulimwambia sharti ni lile lile moja, akakaa. Ada za wanawe zinatoka kwenye milanzi hiyo, naye kila asubuhi lazima aonje ulanzi ili ajue kama umekuwa mkali. Mzee mmoja wetu amejitolea kwenda kumwonjea, lakini na yeye aliacha mwaka jana tu, kwa hiyo tumekataa. Sasa tunamtafutia kijana asiyekunywa wa kugema naye kwa kugawana mapato.