Konsoli ya Amazon na Ukodishaji wa Seva

Amazon ilianza kukodisha kompyuta kupitia intaneti kabla haijawa na ukurasa wa kuzisimamia. Ghala lake la mafaili, S3, lilifunguliwa Machi 2006. Agosti ikafuata EC2, huduma ya seva iliyobuniwa Cape Town, Afrika Kusini, na kikundi cha Chris Pinkham. Seva ndogo, yenye kumbukumbu ya GB 1.75 na diski ya GB 160, ilikodishwa kwa senti 10 za Marekani kwa saa.

Bei ilikuwa nafuu, ila kuitumia huduma hiyo kulihitaji fundi. Mteja alipakua programu za amri, akahifadhi funguo zake za siri kwenye mashine yake, kisha akaandika ec2-run-instances pamoja na kitambulisho cha mfumo alioutaka. Jibu lilirudi kwa mistari ya maandishi, na kujua kama seva imeshawaka kulidai amri nyingine. Elasticfox, programu ya nyongeza ya kivinjari cha Firefox, iliwapunguzia watu adha hiyo kwa kupanga seva zote kwenye jedwali.

Januari 2009 Amazon ikafungua konsoli yake, yaani ukurasa wa kusimamia huduma hizo kwenye kivinjari. Mwanzoni ilihudumia EC2 tu. S3 iliingizwa 2010. Aliyejua kutumia kivinjari sasa aliweza kuwasha seva kwa kubofya, ingawa nyuma ya kila kitufe zilibaki amri zilezile.

Konsoli ilileta mitego yake. Orodha yake ya seva huonyesha kanda moja kwa wakati mmoja: aliyewasha seva Virginia, kisha akahamia ukurasa wa Ireland, hukuta orodha tupu huku bili ikiendelea kupanda. Hatari kubwa zaidi ilikuwa nenosiri moja la akaunti kutumiwa na ofisi nzima, maana aliyekuwa nalo aliweza kufuta kila kitu. IAM, huduma ya kusimamia watumiaji na ruhusa zao iliyokamilika 2011, ilimpa kila mfanyakazi jina lake na mipaka yake, hatua iliyostahili kuja mapema zaidi.

Tena, kubofya hakuachi maelezo ya kazi iliyofanyika. Anayetaka kujenga upya mtambo uleule hulazimika kukumbuka kila chaguo. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2011 ilikuja CloudFormation, ambayo huunda mtambo mzima kutokana na faili lililoandikwa. Mwaka 2013 CloudTrail ikaanza kuweka kumbukumbu za nani ametoa amri gani na saa ngapi, zikiwemo zilizotoka kwenye konsoli.