Udongo Uliokosekana

Kilichonivuta kwenye riwaya za upelelezi ni tope. Mwaka 1887, katika riwaya ya kwanza ya Sherlock Holmes, Arthur Conan Doyle alimpa mpelelezi wake uwezo wa kutazama tope lililorukia suruali na kusema limetoka pande zipi za London. Miaka 21 baadaye, jambo la namna hiyo lilifanyika kweli.

Mwaka 1908, huko Ujerumani, mwanamke aitwaye Margarethe Filbert aliuawa karibu na Rockenhausen. Mtuhumiwa alisema siku ile alikuwa akitembea kwenye mashamba yake. Mkemia Georg Popp alipewa viatu vyake, ambavyo mkewe alikuwa amevisafisha usiku uliotangulia. Kwa hiyo tope lote lililoganda kwenye soli lilikuwa la siku moja. Popp akalibandua tabaka baada ya tabaka. Lililogusa ngozi ya kiatu lilikuwa na kinyesi cha bata bukini, kama cha nyumbani kwa mtuhumiwa, kisha nyasi, kisha mchanga mwekundu, kama wa mahali mwili ulipokutwa, na la nje kabisa lilikuwa na makaa, vumbi la matofali na saruji, kama vya kwenye ngome iliyoachwa ambako bunduki yake ilikutwa. Udongo wa mashamba yake haukuwepo hata chembe.

Kanuni aliyoitegemea Popp, kwamba tabaka lililotangulia kulala ndilo la zamani zaidi, iliandikwa mwaka 1669 na Mdenmaki Nicolas Steno, alipokuwa akieleza miamba. Steno alipata upadri mwaka 1675, akawa askofu mwaka 1677, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri.

Mzee mmoja wa kanisa nililokulia aliwahi kuniona na kitabu cha jiolojia, akanionya kwamba mawe yataninyang'anya imani. Wakati ule sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Amri inakataza kushuhudia uongo, na sioni kwa nini ihusu viatu vya mtuhumiwa lakini isihusu miamba. Kama naukubali ushahidi wa tabaka chache za tope dhidi ya mtu mwingine, siwezi kuukataa ule wa mlima mzima kwa sababu tu unanisumbua mimi.

Likizo iliyopita nilimsimulia mzee habari za askofu na za viatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakugusia umri wa dunia. Aliuliza tu, "Mwanangu, na huyo mtu, kuna aliyemwombea?"

Nikamkumbuka Kaini. Naye alisema hajui nduguye alipo, ardhi ikamsuta, na bado Mungu akamtia alama ili asiuawe. Kisa cha viatu nilikuwa nimekisoma mara nyingi, na swali la mzee halikuwahi kunijia.