Mirathi ya wenzi wa jinsia moja: Sheria yasemaje?

MNAMO Februari 2010, umati ulikizingira kituo cha afya cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, mjini Mtwapa, Kilifi, kufuatia uvumi kwamba wanaume wawili walikusudia kuoana mjini humo. Hata kama arusi hiyo ingefungwa, isingekuwa na nguvu yoyote kisheria.

Kifungu cha 45 cha Katiba iliyozinduliwa Agosti mwaka huo humpa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo huieleza ndoa kuwa muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke. Mnamo Mei 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kubatilisha vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja.

Uzito wa jambo hili hudhihirika mmoja anapofariki. Chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika Julai 1981, mjane mwenye watoto hupata vyombo vya nyumbani pamoja na haki ya kunufaika na mali iliyosalia maishani mwake. Mwenzi asiyetambuliwa hana fungu hilo. Marehemu asipoacha mke, mume wala mtoto, mali huenda kwa wazazi, kisha kwa ndugu. Aliyeishi naye miaka 20 hamo hata katika orodha ya wategemezi wanaoweza kuiomba mahakama riziki.

Wengi hudhani kuandikisha kiwanja kwa majina mawili kunatosha. Sivyo. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki ambao humwachia aliye hai fungu la aliyekufa ni wa mume na mke pekee, isipokuwa mahakama iwe imetoa idhini. Wengine huhesabiwa kuwa na mafungu mbalimbali, na fungu la marehemu huingia katika mirathi yake.

Kinga iliyosalia ni wosia. Mtu mzima mwenye akili timamu aweza kumwachia mali yake amtakaye, maadamu wosia wa maandishi una mashahidi wawili. Afadhali mashahidi hao wasiwe wenye kufaidika. Hata hivyo, wategemezi wanaotambuliwa waweza kuupinga iwapo hawakutengewa cha kutosha.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi Malindi, mirathi hufuata sheria ya Kiislamu. Wosia hauvuki thuluthi moja ya mali; mengine hugawiwa warithi kwa mafungu maalumu, mke akipata robo, au thumni ikiwa marehemu ameacha mtoto.

Ipo ndoa moja ya wanawake wawili ambayo mahakama imeitambua. Mnamo 2011, Jaji Jackton Ojwang wa Mahakama Kuu ya Mombasa aliamua kuwa mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Wanandi alikuwa mke katika mirathi ya marehemu. Wakamba na Wakisii pia wanayo mila hii. Lakini isichanganywe na mapenzi ya jinsia moja: mwanamke asiye na mtoto humtolea mahari mwanamke kijana, naye huzaa na mwanamume ili nyumba ile ipate mrithi.