Benki za Kigeni na Wafanyabiashara wa Asiatique

Je, benki za kigeni zimezidhoofisha benki za Burundi, au zimeziamsha? Nimechagua kulijibu swali hili kutoka mtaa wa Asiatique, Bujumbura, kwa kuwa nimekulia hapo, nyuma ya duka la vitambaa la babu. Jina la mtaa lenyewe ni historia: Wabelgiji waliugawa mji wa Usumbura kwa asili ya watu, na sehemu hii ikawa ya wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, wengi wao wakiwa wamepitia Ujiji na Kigoma.

Tuwe waangalifu na neno "benki ya ndani". Banque de Crédit de Bujumbura, iliyopata jina hilo mwaka 1964, ilirithi kazi ya Banque du Congo Belge. Ilikuwa ya mkoloni kabla haijawa yetu.

Babu alipoagiza mali Dar es Salaam, benki yake ilidai hati ya nyumba, fomu juu ya fomu, kisha kusubiri. Mara nyingi alikata tamaa, akamkabidhi fedha taslimu dereva wa lori aliyemwamini.

Mwaka 2007 Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Diamond Trust Bank ikaja kutoka Kenya, na mwaka 2012 zikafuata KCB ya Kenya na CRDB ya Tanzania. Hiyo ya kwanza ina mizizi katika mfuko wa Waismailia wa miaka ya 1940, kwa hiyo kwa baadhi ya majirani zetu haikuwa ngeni sana. Nguvu ya CRDB ilikuwa nyingine: mnunuzi wa Bujumbura na muuzaji wa Kariakoo waliweza kuwa wateja wa benki moja.

Claessens, Demirgüç-Kunt na Huizinga, katika utafiti wao wa 2001 uliohusu nchi 80, waliona kwamba benki za kigeni zikiingia, faida na gharama za uendeshaji za benki za ndani hushuka. Wengi husoma matokeo hayo kama msiba. Ni msiba kwa mwenye hisa. Mteja ana hesabu yake. Siku moja ofisa wa benki ya zamani ya babu alikuja dukani mwenyewe, akaketi juu ya jora la kitenge.

"Mzee, mbona siku hizi hatukuoni?"

"Miaka ishirini nilikuwa nakuja mimi, mwanangu. Hukuniona?"

Mkopo alioupata safari hiyo haukuchukua hata wiki mbili.

Ningeishia hapo kama si mgogoro wa 2015. Mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya ulisimamisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, na dola zikaadimika. Kuwa na tawi Dar hakusaidii pale fedha ya kutuma haipo. Benki, za wageni na za wenyeji, ziliona ni salama zaidi kununua hati za dhamana za serikali kuliko kumkopesha muuza vitambaa. Ndiyo maana nikioneshwa faida nzuri ya benki ya miaka ile, huuliza kwanza imetoka kwa nani.

Babu alirudi kwa dereva wa lori. Yule wa zamani alikuwa amestaafu. Usukani ulikuwa kwa mwanawe.