Jino la Pembe na Daraja la Meno

Methali yetu yasema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Mwalimu aifundishapo darasani hukimbilia maana ya ndani, yaani kwamba cha kuazima hakikai mahali pa kilichopotea, akaiacha ile ya nje kana kwamba haina historia. Sisi twaona kuwa historia hiyo yastahili kuelezwa, na hasa katika mji kama Gisenyi, wilayani Rubavu, ambako mtoto husema iryinyo na amenyo nyumbani, kisha akajifunza jino na meno shuleni, akatambua mara moja kwamba lugha hizi mbili ni ndugu.

Tuanze na pembe yenyewe. Ile tuiitayo pembe ya ndovu kwa hakika si pembe hata kidogo, bali ni jino la mbele la taya la juu lililokua kupita kiasi. Basi aliyejitia jino la pembe alijitia jino la mnyama. Katika karne ya 18 mafundi wa Ulaya walichonga meno ya bandia kwa meno ya ndovu na ya kiboko, na ya kiboko yalipendwa zaidi kwa ugumu wake. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyavaa. Lakini jino la namna hiyo huoza mdomoni na kutoa harufu mbaya, na kutafuna kwalo ni mashaka. Waliotunga methali yetu hawakuwa wakisema kwa mafumbo tu.

Walakini si kila pengo katika nchi zetu lilitafutiwa dawa. Wajaluo waling'oa meno sita ya chini, Wamasai mawili. Pengo hilo lilikuwa alama ya mtu kwao. Pwani nako mwanya wa meno ya juu husifiwa kuwa ni uzuri. Mwalimu na awatahadharishe wanafunzi wake hapa: mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo, pengo ni mahali palipotoka jino, na kibogoyo ni yule asiyebakiwa na kitu.

Kuna pengo jingine ambalo halina sifa yoyote, nalo lajulikana sana Rwanda. Mtoto mchanga akishikwa na homa au kuhara, huweza kupelekwa kwa mganga, naye akatazama ufizi uliovimba mahali pa chonge, akasema hayo ndiyo maradhi. Maradhi hayo huitwa ibyinyo, jina lililoundwa kutokana na iryinyo kwa ngeli ya kukuza na kudharau, kama sisi tusemavyo majitu. Uganda huitwa ebiino; Tanzania, katika miaka ya 1980, watu walianza kuyaita meno ya nailoni. Kinachochimbwa ni chonge changa ambalo halijatoka bado, laini na jeupe, na aliyeliona hudhani ni funza. Chombo huwa kisu au waya wa baiskeli. Mtoto aweza kufa kwa kutokwa na damu au kwa kuingiwa na vidudu, na kuhara kwake, ambako dawa yake ilikuwa maji yenye chumvi na sukari, kukaendelea vile vile. Akipona, mara nyingi chonge la ukubwani nalo huwa limeharibiwa, likatoka limepinda au lisitoke kabisa. Hivyo mtu hufika utu uzima na pengo alilochimbiwa kabla hajajua kusema.

Pengo la namna hii ndilo lihitajilo daraja. Mafundi wa Etruria, katika Italia ya kale, walikwisha kulijenga yapata miaka 2,600 iliyopita: ukanda wa dhahabu ulizungushwa kwenye meno mazima ya jirani, na jino la kuazima likafungwa katikati. Daraja la siku zetu lafuata fikira hiyo hiyo. Meno mawili ya kando huchongwa yakapunguzwa, yakavishwa vifuniko, na jino la kaure likaning'inia baina yao. Meno ya kando ni nguzo, na hapo ndipo gharama yake ya kweli ilipo, maana nguzo hizo zilikuwa meno mazima yasiyo na kosa. Mwaka 1973 Mfaransa Rochette alionyesha njia nyingine, ya kulibandika jino kwa mabawa membamba ya madini nyuma ya majirani zake, ili pasichongwe sana. Kwa kijana mwenye pengo la chonge moja, twaona njia hii ina huruma zaidi, ingawa daraja lenyewe huweza kubanduka.

Ni nani wa kulijenga? Nairobi ilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, Dar es Salaam mwaka 1979, na Chuo Kikuu cha Rwanda kikaanzisha shahada hiyo mwaka 2013. Kung'oa ni rahisi kuliko kujenga, na walio wengi bado wapatacho ni kung'olewa tu.

Limebaki neno. Mwanafunzi wa Gisenyi huvuka kwenda Goma kwa miguu, katika nchi kavu, akipita kizuizi cha mpakani. Daraja la mpakani lipo kusini mwa ziwa Kivu, juu ya mto Rusizi. Tukimwambia "daraja la meno" huenda akafikiri daraja la shule, yaani cheo au kiwango. Na aonyeshwe zile nguzo mbili kwanza, ndipo atajwe jina.