Habari za Vikope, Ugonjwa wa Macho

Ugonjwa wa vikope ni wa kale sana. Huko Misri, miaka 1500 hivi kabla ya Kristo, waganga waliandika juu ya nywele za kope zichomazo jicho, na jinsi ya kuzing'oa. Nafuu yake ilikuwa ya siku chache, maana nywele huota tena.

Hata mwaka 1798 jeshi la Wafaransa likaingia Misri, na Waingereza wakafuata; askari wengi wakaugua macho. Wengine walisema chanzo ni jua, vumbi, au baridi ya usiku. Lakini askari waliporudi Ulaya, watu wasioiona Misri hata siku moja wakaugua vilevile. Basi vumbi la Misri lina kosa gani hapo?

Mwaka 1907, katika kisiwa cha Java, Halberstaedter na Prowazek waliona alama za vijidudu ndani ya ngozi laini ya kope. Miaka 50 baadaye, Tang Feifan wa Beijing alivikuza katika mayai ya kuku, kisha akavitia jichoni mwake mwenyewe, nalo likavimba. Hivyo akathibitisha neno lake.

Vijidudu hivyo hupita kwa mikono, kwa nguo ya kufutia uso, na kwa nzi atuaye juu ya tongotongo. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope hupata makovu, hujikunja ndani, na nywele zake hukwaruza jicho hata likapofuka. Wanawake hupatwa kuliko wanaume, kwa kuwa wao ndio walezi wa watoto.

Hapa kwetu Tanzania, huko Kongwa, vijiji 6 vilipewa dawa ya macho. Katika 3 watu walifundishwa pia kuosha nyuso za watoto. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba watoto waliodumu na nyuso safi hawakupatwa sana na vikope vikali.

Leo iko dawa ya kumeza, azithromaisini, na kope iliyojikunja hunyoshwa kwa kupasuliwa. Jirani zetu wa Malawi walithibitishwa mwaka 2022 kwamba vikope si tena tatizo la afya kwa taifa lao.

Basi, ninyi walimu na wazazi, mkiona jicho jekundu msitie majani. Mpelekeni mtoto zahanati. Tena kila asubuhi tuzitazame nyuso za watoto wetu. Maji kidogo yatosha.