Viwango vya unywaji wa mafuta ya magari, Nakuru na Bonde la Ufa la kati

Kiwango cha unywaji wa mafuta ni umbali ambao gari hutangazwa kwenda kwa lita moja ya petroli au dizeli, baada ya kupimwa kwa utaratibu uliowekwa na serikali ya nchi linakotoka. Kenya, kama Japani, hukihesabu kwa kilomita kwa lita; Ulaya huhesabu lita zinazotumika kwa kilomita 100. Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo na Nyahururu hukipokea kiwango hiki kutoka Japani, kwa kuwa magari mengi ya abiria yanayosajiliwa nchini ni ya mtumba na hutoka huko. Hakuna ofisi ya Kenya inayokipima upya, wala inayowajibika kikigeuka kuwa uongo. Kwa familia iliyokopa kwenye sacco ili inunue gari, pengo hilo si dogo. Gari lililotangazwa kilomita 20 kwa lita likaenda 14 tu, humla mtu anayeendesha kilomita 1,500 kwa mwezi lita 32 zaidi ya alizopangia.

Kipimo chenyewe hufanyika ndani ya jengo. Gari hupandishwa juu ya roli, likaendeshwa kwa mwendo uliopangwa sekunde kwa sekunde, na moshi wake hukusanywa ili mafuta yaliyoungua yahesabiwe. Utaratibu wa Japani uitwao 10-15, ulioanza mwaka 1991, ulidumu dakika 11, haukuvuka kilomita 70 kwa saa, na injini ilikuwa imeshapashwa moto. Baadaye ulikuja JC08, mrefu zaidi na wenye kuwasha injini ikiwa baridi, lakini nao uliishia kilomita 81.6 kwa saa, kwa mwendo wa wastani usiofika 25. Kipimo kikibadilika, namba hubadilika ingawa gari ni lile lile. Toyota Aqua, ambalo sasa limejaa katika barabara za Nakuru, lilipotoka Desemba 2011 lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 40 kwa lita kwa 10-15 na 35.4 kwa JC08. Muuzaji wa yadi anayetaja 40 hajabuni kitu. Amechagua tu kipimo kilichompendelea.

Kabla gari halijapanda kwenye roli, lazima ijulikane barabara na upepo hulizuia kiasi gani. Huendeshwa kwenye uwanja tambarare, likaachiwa likiwa nyutro, na muda linaochukua kupunguza mwendo ukapimwa. Namba zinazotoka hapo ndizo zinazoiambia roli iwe nzito au nyepesi, na udanganyifu mkubwa wa miaka ya karibuni uliingilia mlango huo. Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kupotosha takwimu za magari madogo yenye injini ya sisi (cc) 660 yapatayo 625,000, mengi yao yakiwa yameuzwa kwa jina la Nissan. Ni Nissan iliyogundua tofauti ilipoyapima yenyewe, na uchunguzi ukaonyesha kwamba njia isiyo halali ilikuwa ikitumika tangu 1991. Mwezi uliofuata Suzuki nayo ikakiri kutofuata utaratibu. Nchini Marekani, Novemba 2012, Hyundai na Kia zililazimika kushusha viwango vya magari yapatayo 900,000 baada ya shirika la mazingira la serikali, EPA, kuyapima upya, na mwaka 2014 zikakubali faini ya dola milioni 100. Kosa lilikuwa mahali pale pale, kwenye jaribio la kuachia gari.

Katika visa vya Nissan na EPA ukweli ulitoka kwa mtu mwingine aliyepima tena. EPA hupima upya sehemu ya magari mapya kila mwaka katika maabara yake ya Ann Arbor, Michigan, na Umoja wa Ulaya tangu 2021 hudai kila gari jipya liwe na mfumo wa kurekodi mafuta linayotumia barabarani.

Kenya haina mpango wa namna hiyo. Kanuni ya KS 1515 inayosimamiwa na Shirika la Viwango (KEBS) hudai gari la kuagizwa liwe na usukani wa kulia, lisizidi miaka minane, na likaguliwe ubora wake kabla ya kupakiwa melini. Haiulizi linakunywa kiasi gani. Ushuru wa bidhaa nao hufuata ukubwa wa injini, kwa hiyo injini mbili za sisi 1,500 hutendewa sawa hata kama moja inakunywa zaidi ya nyenzake. Chini ya kanuni za mwaka 2016, friji inayouzwa katika duka la Barabara ya Kenyatta hupaswa kubandikwa lebo ya nyota inayoonyesha matumizi yake ya umeme, mpango ulio mikononi mwa EPRA, mamlaka hiyo hiyo inayotangaza bei ya mafuta tarehe 14 ya kila mwezi. Gari linalogharimu mara ishirini ya friji halina lebo. Inasikitisha zaidi kwa kuwa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo ni mshirika wa mpango wa kimataifa wa kupunguza unywaji wa mafuta ya magari ulioanzishwa 2009, lina makao yake makuu Gigiri, Nairobi.

Hata kiwango cha kweli hakifiki Nakuru salama, kwani roli haina mlima. Mji uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya kwenda Eldoret hupanda kupitia Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, kisha Timboroa, juu ya mita 2,700. Kuinua gari la kilo 1,300 kwa mita 500 peke yake humaliza takriban lita 0.7 ya petroli, kwa injini inayogeuza asilimia 28 ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Gari la umeme na petroli kama Aqua hurudisha sehemu ya nishati hiyo likiteremka, ila betri yake ndogo huweza kujaa kabla mteremko haujaisha. Hewa nayo ni nyepesi: shinikizo lake Nakuru ni pungufu ya lile la Mombasa kwa karibu moja ya tano, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Kwenye tambarare ya Gilgil hilo si hasara, maana upepo nao hulizuia gari kwa upole zaidi. Hasara huja mlimani, dereva anapolazimika kurudi gea ya pili na kukanyaga.

Kutoka mlima huo huo imezaliwa imani ya hatari: kuteremka Sachangwan ukiwa nyutro ili kubana mafuta. Polisi wa trafiki wameikemea kwa miaka, na lori lenye shehena likishaachiwa hivyo huachiwa breki peke yake, ambazo hupata moto na kushindwa. Wala hakuna kinachobanwa. Injini ya kisasa ikiwa ndani ya gea na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta hukata petroli au dizeli kabisa, ilhali ikiwa nyutro huendelea kunywa ili isizime.

Anayetaka namba ya gari lake hujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, akaandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, akaendesha kama kawaida, kisha akajaza tena kwenye pampu ile ile. Zikiingia lita 12.4 baada ya kilomita 171, gari limekwenda 13.8 kwa lita. Ajaze mara kadhaa, kwenda na kurudi, ili milima na miteremko ifidiane, na achunguze presha ya tairi kwanza. Kioo cha dashibodi chenye kuonyesha wastani kisitegemewe peke yake, kwani mara nyingi husifu gari kupita kiasi. Pampu pia ni kipimo: wakaguzi wa vipimo na mizani huijaribu kwa chombo cha lita 20 na kuifunga kwa lakiri, na mteja anaweza kuomba ijaribiwe mbele yake. Mafuta yenyewe huweza kuwa yamechanganywa. Tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa iliwekwa Septemba 2018 hasa ili kuwavunja moyo waliokuwa wakiyatia kwenye dizeli.

Magari ya mwaka 2018 na kuendelea yameanza kufika yakiwa na kipimo kipya zaidi, WLTC, ambacho Japani hukitoa kwa sehemu tatu: mjini, pembezoni mwa mji, na barabara kuu. Mnunuzi wa Nakuru anaweza kumwomba muuzaji karatasi yenye namba zote tatu. Anayeishi mtaa wa Section 58 na kufanya kazi mjini ataangalia ya kwanza. Anayesafirisha maziwa kutoka Molo ataangalia ya pili na ya tatu, na aweke akiba ya mlima.